Umepata fremu ya zamani ya dhahabu? Soma hii kabla hujaigusa na kitambaa

Wadau, kama uko London, Paris, Brussels au popote Ulaya na unapenda kuzunguka masoko ya vitu vya zamani, Portobello jumamosi au kule Saint-Ouen, lazima umeshakutana na hizi fremu kubwa za picha zenye rangi ya dhahabu, nakshi za majani na maua, kona zimemeguka kidogo, zimeegemezwa ukutani nyuma ya viti vibovu na mwenye meza anaziuza kama mbao za kuwekea kioo tu. Picha yenyewe ilishatolewa kitambo. Mtu ananunua, anafika nyumbani anaiona ina vumbi, anachukua kitambaa na maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, na ndani ya dakika chache dhahabu iliyokaa miaka 150 iko yote kwenye kitambaa na fremu imebaki na mabaka mekundu na meupe. Hapo hakuna kurudi nyuma.

Ndo maana naandika hii. Ile dhahabu ililazwa na mtu kwa mkono, kipande kwa kipande, na ukielewa alivyofanya utajua mwenyewe nini cha kufanya na nini cha kuacha, hutahitaji kukariri masharti ya mtu.

Fundi alifanyaje

Fremu ya dhahabu ya kweli ni tabaka juu ya tabaka. Chini kabisa kuna mbao, Wafaransa walipenda mwaloni, Waingereza walitumia sana msonobari, na kwenye nakshi za kina walichonga mti wa lindeni kwa sababu ni laini na haukatiki ovyo ukipitisha patasi. Juu ya mbao fundi anapaka kwanza gundi nyepesi ya ngozi ya sungura ikiwa ya moto ili mbao inywe. Halafu anaanza jeso, ambayo ni chaki iliyosagwa imechanganywa na gundi hiyohiyo ya ngozi (Waitaliano wa kale walitumia jasi badala ya chaki), inapakwa ikiwa vuguvugu, tabaka nane, kumi, wengine wanazidi hapo, maana lengo ni kuficha kabisa vinyweleo vya mbao.

Sasa ukipaka jeso kumi juu ya ua lililochongwa, lile ua linapoteza makali, linakuwa donge. Kwa hiyo fundi anarudi tena na vyuma vidogo vyenye ncha za kila aina, anachonga upya ndani ya jeso yenyewe, anarudisha mishipa ya jani, anachora vimistari vya msalaba kwenye uwanda ulio wazi. Mafundi wa Paris wa karne ya 18 walikuwa hatari kwenye hiyo kazi. Nusu ya uzuri unaouona kwenye fremu za enzi ya wafalme Louis wa 14 na Louis wa 15 hauko kwenye mbao hata kidogo, uko kwenye ile jeso iliyochongwa mara ya pili, na ndo maana mtu akipiga msasa fremu ya namna hiyo ili "iwe laini" anafuta sanamu nzima.

Baada ya jeso unakuja udongo laini sana unaoitwa boli, mwekundu mara nyingi, ila upo wa njano na upo mweusi, umechanganywa tena na gundi. Mafundi wengi walipaka njano kwenye mashimo na nyekundu kwenye sehemu zilizoinuka, kwa sababu kule ndani ya mashimo dhahabu haifiki vizuri na njano inaficha.

Hapo ndo dhahabu inaingia. Jani moja lina kama sentimita 8 kila upande, karati 22 au 23, na wembamba wake ni karibu sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, yaani upange majani 10,000 ndo upate milimita moja. Huwezi kulishika kwa vidole, linagandia kwenye ngozi na ndo limepotea. Fundi analiweka juu ya kimto cha ngozi, analikata na kisu kirefu kisicho na makali sana, halafu anachukua brashi pana bapa ya manyoya ya kindi, anaipitisha shavuni kwake ipate mafuta kidogo tu, na kwa hayo mafuta ya uso jani linashika kwenye brashi. Analoanisha boli kwa maji yenye spiriti kidogo, anasogeza brashi karibu, na jani linaruka lenyewe kwenda kwenye maji. Yale maji yanaamsha gundi iliyomo kwenye udongo na gundi ndo inashika dhahabu. Ikishaanza kukauka anachukua jiwe la akiki lililofungwa kwenye mpini, umbo lake limepinda kama jino la mbwa (zamani kabisa walitumia jino la mbwa lenyewe), anasugua mpaka dhahabu ing'ae kama chuma kizima. Ukisugua mapema inachanika, ukichelewa haing'ai. Fundi mzoefu anagonga taratibu na lile jiwe na kusikiliza, mlio ukibadilika anajua wakati umefika.

Hiyo ndo dhahabu ya maji, na sasa umeona shida iko wapi. Kutoka mbao mpaka juu kila tabaka limeshikwa na gundi ya ngozi, na gundi ya ngozi inayeyuka kwa maji. Kitambaa chako chenye unyevu kinafanya kazi ileile ya brashi ya fundi, ila kinyume.

Kuna na dhahabu ya mafuta, ambapo jani linalazwa juu ya mafuta ya kitani yaliyopikwa na kuachwa mpaka yabaki na unato kidogo. Hii haiwezi kusuguliwa ing'ae, inabaki imefifia, lakini ni ngumu zaidi na inavumilia unyevu kidogo. Fremu nyingi za karne ya 19 zina zote mbili, ya maji kwenye mistari inayong'aa na ya mafuta kwenye nakshi, kwa hiyo usijiamini ukisema "hii yangu ni ya mafuta" kwa sababu umejaribu sehemu moja.

Nitie neno hapa maana watu wanachanganya: zile habari za mafundi wa dhahabu waliokufa kwa mvuke wa zebaki ni za kweli, ila hao walikuwa wanapaka dhahabu kwenye shaba, vinara na saa za mezani, sio fremu za mbao.

Hao mafundi ni kina nani

Majina yao mengi hayajulikani na hilo linaniuma. Chukua ile picha ya Leonardo da Vinci ya Bikira Maria kwenye miamba, dunia nzima inaijua, moja iko makumbusho ya Louvre kule Paris na nyingine National Gallery ya London. Kazi ile haikuanza na Leonardo. Jumuiya ya waumini kule Milano mwaka 1480 ilimpa kazi kwanza mchongaji, Giacomo del Maino, atengeneze fremu kubwa ya altare yenye sanamu na nguzo, na ni 1483 ndo wakaandikishana mkataba na Leonardo na ndugu wawili wa familia ya de Predis wajaze picha na kupaka rangi na dhahabu ile kazi ya del Maino. Yaani fremu ilitangulia na mchoraji akaitwa kuijaza. Picha zimebaki, fremu imepotea.

Paris kazi iligawanywa. Seremala anaunga mbao, mchongaji anachonga, mpakaji wa dhahabu anamaliza, na kazi ziligawanywa kwa sheria za vyama vya mafundi. Katikati ya karne ya 18 maseremala wakubwa walitakiwa kugonga mhuri wa jina lao kwenye mbao, kwa hiyo ukigeuza fremu ya Kifaransa na ukakuta herufi zimegongwa kwa chuma, mfano CHERIN au INFROIT, shika hiyo fremu kwa mikono miwili na usimwambie muuzaji kitu.

London nako mambo yalibadilika mwisho wa karne ya 18 walipoanza kutumia sana kompo, ambayo ni mchanganyiko wa chaki, gundi, mafuta ya kitani na utomvu wa mti, unakandwa ukiwa na moto kama unga wa maandazi halafu unagandamizwa kwenye kalibu ya mbao ngumu iliyochongwa kinyume. Unatoa ua zima, unalibandika kwenye fremu likiwa bado laini, bei ikashuka na watu wa kipato cha kati wakaanza kumiliki fremu za dhahabu. Wachongaji wengi walikosa kazi. Lakini usiidharau kompo, maana ile kalibu nayo ilichongwa na mtu na kuichonga kinyume ni ngumu kuliko kuchonga ua lenyewe.

Marekani kuna mchoraji Hermann Dudley Murphy aliyechoshwa na fremu za kiwandani, mwaka 1903 akaanzisha karakana ya Carrig-Rohane huko Massachusetts, wakarudi kuchonga na kupaka dhahabu kwa mkono na wakawa wanasaini nyuma ya fremu na kuweka mwaka, kama mchoraji anavyosaini picha. Wadau mlioko Boston na pande hizo, mkienda minadani geuzeni nyuma.

Jinsi ya kuitambua

Nimeshasema geuza nyuma, na ndo sheria ya kwanza. Mbele inaweza kudanganya kwa sababu mbele imepakwa, nyuma hakuna aliyehangaika nako. Mbao ya zamani inakuwa na rangi ya kahawia isiyo sawa, imekolea kwenye kingo zilizopigwa na hewa na imepauka pale picha na misumari ilipofunika. Ukikuta nyuma yote ina rangi moja tu ya kahawia kutoka kona mpaka kona jua imepakwa, na jiulize kwa nini. Angalia alama za msumeno pia, msumeno wa mkono unaacha mistari iliyonyooka isiyolingana, ule wa duara wa mashine unaacha mistari iliyopinda kama mwezi, na huo ni wa karne ya 19 kuja juu. Kama kuna karatasi ya duka imebandikwa usiibandue, hata ikichanika nusu. National Portrait Gallery ya London wameweka mtandaoni bure orodha ya watengeneza fremu wa Uingereza kuanzia 1600 mpaka 1950, na anwani walizohamia mwaka hadi mwaka, kwa hiyo jina na mtaa tu vinaweza kukupa miaka ambayo fremu yako ilitengenezwa. Ukiisoma ile orodha utakuta na wanawake, wajane walioendesha karakana baada ya mume kufariki.

Halafu mbele. Chukua tochi ya simu, imulike kwa upande karibu na uso wa fremu sio kwa kuelekeza moja kwa moja. Kwenye dhahabu ya maji utaona vimistari vinavyokata fremu kila baada ya sentimita 7 au 8 hivi, hapo ndo jani moja lilipopanda juu ya jani lingine. Ukiviona hivyo vimistari kuna jani lililolazwa pale, sio rangi. Wekundu unaotokeza uwe pale mikono na vitambaa vilipopita miaka yote, kwenye migongo ya majani, ukingo wa chini, kona. Wekundu uliosambaa sawasawa kila mahali ni wa mtu aliyekwangua makusudi ili ionekane ya zamani.

Mbao au kompo? Kompo ikizeeka inasinyaa na kupasuka mipasuko mingi inayokatiza nakshi, imepangana kwa nafasi zinazokaribiana, na pale ilipomeguka ndani unaona kitu cha kahawia au kijivu kigumu kisicho na nyuzi. Mbao inapasuka kufuata nyuzi zake, na ikimeguka unaona weupe wa jeso halafu mbao. Njia nyingine tafuta kasoro. Kama jani la tatu lina kovu dogo na jani la saba lina kovu lilelile mahali palepale, hiyo imetoka kwenye kalibu.

Angalia na kona. Fremu nzuri za kuchonga ziliungwa kwanza ndo zikachongwa na kupakwa dhahabu, kwa hiyo nakshi inazunguka kona bila kukatika na mstari wa kiungo umefichwa chini ya jeso. Ukikuta ua limekatwa katikati na halikutani na mwenzake, au upande mmoja una maua matano na wa pili manne na nusu, ile fremu ilipunguzwa ili itoshee picha nyingine. Ilifanyika sana. Sio sababu ya kuiacha ila iwe sababu ya kushusha bei.

Adui mkubwa kwenye utambuzi ni rangi ya dhahabu ya kopo, ambayo ni unga wa shaba kwenye vanishi. Karne nzima iliyopita watu wamekuwa wakipaka hiyo kila wakiona fremu imechoka. Mwanzo inawaka, baada ya miaka inageuka kahawia ya matope, mara nyingine na ukijani, maana shaba inashika kutu na dhahabu haishiki. Imeingia mpaka ndani ya nyufa, imefunika vimistari vyote, haina uhai wowote ukiisogeza kwenye mwanga. Habari njema ni kwamba mara nyingi chini yake dhahabu ya awali bado ipo, na mtaalamu anaweza kuitoa ile rangi taratibu, kwa hiyo fremu mbaya ya kahawia ya bei ya chee sokoni inaweza kuwa ndo yenye mali. Mimi hizo naziangalia kwanza.

Kuitunza

Vumbi litoe kwa brashi laini kabisa, ya kupakia poda usoni inafaa kama ni mpya, mkono mmoja unapeleka vumbi kwa brashi kutoka juu kwenda chini na mkono mwingine umeshika mdomo wa vakyumu karibu bila kugusa, umeufunga kitambaa cha neti ili kipande kikidondoka kisimezwe. Kabla ya hapo zunguka fremu yote na tochi, pale jeso inapoinuka kama ganda usipitishe brashi kabisa. Basi, usafi wako unaishia hapo. Maji hapana, sabuni hapana, dawa ya vioo hapana, mkate na kitunguu ambavyo mtandaoni wanavisifia hapana, na kitambaa kikavu pia hapana kwa sababu kinanasa kwenye ncha za nakshi na kuzing'oa. Msasa ndo usiseme, mbali na kuharibu, baadhi ya fremu zilipakwa rangi yenye madini ya risasi (lead) chini ya dhahabu ya mafuta na lile vumbi ni sumu.

Kipande kikidondoka kiokote hata kama ni kidogo kama punje ya mchele, kitie kwenye bahasha, andika kimetoka upande gani, piga picha pale kilipotoka. Usitumie supaglu wala gundi nyeupe ya mbao, zikishashika fundi atakayekuja baada yako hatoweza kuzitoa bila kuvunja, wakati gundi ya ngozi inarudi nyuma kwa unyevu kidogo tu. Na usijazie pengo na rangi ya kopo. Pengo jeupe la jeso linakera macho, ila halizidi kuwa baya.

Ukiibeba shika pande mbili za mbao zenye nguvu, kamwe usishike ua la kona au lile pambo la juu katikati, mikono iwe mikavu na safi au vaa glovu za mpira laini, za pamba zinanasa. Tundika kwa ndoano mbili ukutani badala ya moja. Usiweke juu ya hita au mahali pa moto, wala jikoni, wala karibu na bafu. Mbao inatanuka na kusinyaa na unyevu wa hewa lakini jeso haitanuki, kwa hiyo kila unyevu unapopanda na kushuka jeso inazidi kuachia. Makumbusho yanalenga unyevu kama asilimia 50 hivi na jambo kubwa kwao ni usibadilikebadilike.

Hapa niseme na wanaotaka kupeleka fremu nyumbani, Dar, Mombasa, Unguja. Ile fremu imekaa miaka mingi kwenye nyumba yenye hita na hewa kavu na unaipeleka pwani kwenye unyevu mkubwa na chumvi. Inawezekana, ila fanya pole pole. Ifunge vizuri kwa karatasi laini isiyo na asidi, halafu plastiki, halafu sanduku la mbao ambalo nakshi haigusi ukuta wowote. Ikifika usiifungue siku hiyohiyo kwa sababu una hamu, iache sanduku limefungwa siku kadhaa ndani ya chumba itakapokaa, ndo ufungue. Chumba cha AC inayowashwa jioni na kuzimwa asubuhi ni kibaya zaidi kuliko chumba kisicho na AC kabisa chenye hewa inayopita, na ukuta wa nje unaopigwa na mvua ya masika usitundike kitu hapo. Nyuma weka vipande vidogo vya koki (ile ya vizibo vya chupa za mvinyo) kwenye kona ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta, la sivyo kuvu itaanza mahali usipoona.

Na wadudu, angalia kabla ya kusafirisha. Vitundu peke yake sio tatizo, fremu nyingi za zamani zinavyo na mdudu alishakufa zamani. Weka fremu juu ya karatasi nyeusi wiki chache, ukikuta unga mpya mweupe umedondoka chini ya vitundu, mdudu yuko hai, ifunge kwenye plastiki peke yake mbali na samani zingine na mpelekee mtaalamu, wao wanaua kwa baridi kali au kwa kuondoa hewa ya oksijeni bila kupulizia dawa juu ya dhahabu.

Ukimtafuta mtaalamu muulize swali moja kabla ya bei: pale palipotoka utatumia nini? Akikujibu jeso, boli na jani la dhahabu, na kwamba atagusa pale tu palipoharibika, mwachie fremu. Akikwambia ataipaka upya yote iwe kama mpya, mshukuru na uondoke nayo.